Utabiri wa Vuli Uingie Kwenye Mkutano wa Kijiji

Ndugu zangu wa bonde la Pangani, kuanzia wenye migomba huko mteremkoni Kilimanjaro, wa Korogwe na Hale, hadi wavuvi wa mdomoni mwa mto: kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla ya vuli. Tunausikia redioni, kila mtu anaamua lake, na mvua ikienda kombo tunasema wametudanganya.

Hatukudanganywa, hatukuuliza. Utabiri wa msimu hausemi shamba la nani litanyeshewa Jumanne. Unapima uwezekano wa mafungu matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani na za chini ya wastani. Bila kujua lolote, kila fungu lingepewa asilimia 33. Basi likitajwa fungu la juu kwa asilimia 45, kumbukeni 55 zimebaki kwingine. Anayesikia "mvua nyingi" na kuiacha namba anacheza kamari na mbegu zake.

Tena misimu haitabiriki sawasawa. Vuli hufuata joto la bahari: El Niño ikiwa Pasifiki, na Bahari ya Hindi ya upande wetu ikapata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na tena 2023. Masika hayakamatiki kirahisi hivyo. Utabiri wake naupokea, ila sipandi mbegu ya aina moja.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Ule wa kabla ya Oktoba, utabiri uwe ajenda, usisukumiwe kwenye "mengineyo" jua likizama. Afisa ugani aje na namba za kanda yetu. Tuamue palepale mbegu zipi, mifugo ihame lini kutoka bondeni, na mitaro izibuliwe siku gani kwa pamoja, kwani ukizibua wako na jirani akaacha taka zake, maji yatarudi kwako. Wa juu wakiona mto umefura, wawapigie simu wa chini.

Na kila kitongoji kiwe na kipima mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula vinatosha kuanzia. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Lisomwe saa tatu asubuhi, kipimo kiandikwe daftarini, kisha limwagwe. Ikifika Januari tutakuwa na namba zetu za kuweka mezani mbele ya watabiri.

Mwenyekiti wa kitongoji unamjua kwake. Pita jioni hii, umwombe nafasi kwenye ajenda.