MASHINE ZA MKULIMA: Kwa Nini Injini Ndogo Hukohoa Iendapo Polepole

Katika vilima vya Runyenjes, kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, sauti ya pawaso si ngeni. Miti ya grevilia iliyopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa hukatwa kwa mbao na kuni, na mwenye pawaso huitwa kutoka boma moja hadi jingine. Injini ikinguruma kwa nguvu hakuna aijaliye. Bali mara nyingi, ikiachwa ipumzike kati ya mti mmoja na wa pili, huanza kukohoa na kugugumia, hutoa moshi wa buluu, kisha huzimika. Mwenyewe huvuta kamba tena na tena. Akichoka, hushika bisibisi na kuzungusha kila skrubu aionayo, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Injini hizo ni za mapigo mawili. Pikipiki nyingi za bodaboda, ambazo zilizidi sana nchini Kenya baada ya Serikali kuziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo mwaka 2008, ni za mapigo manne, na habari hii haizihusu. Inahusu pawaso, pampu za mgongoni za kupulizia kahawa dawa zenye injini, pikipiki za zamani kama Yamaha AG100 na DT125 walizotumia mabwana shamba wengi, na baadhi ya zile pikipiki za magurudumu manne zilizotengenezwa zamani.

Kabla ya kuitibu injini hiyo yafaa kuelewa jinsi inavyopumua. Injini ya mapigo manne ina pigo zima la kuvuta hewa safi na pigo zima la kufukuza moshi. Ya mapigo mawili haina nafasi hiyo. Kila pistoni ipandapo na kushuka mara moja, kazi yote lazima iwe imekwisha. Hewa iliyochanganyika na petroli huingia kwanza katika chumba kilicho chini ya pistoni. Pistoni ishukapo, huusukuma mchanganyiko huo upite tundu la ubavuni mwa silinda na kupanda juu, na huko juu mchanganyiko mpya ndio unaoufukuza moshi wa mwako uliotangulia. Namna hii ya kutumia chumba cha chini kama pampu ilibuniwa na Joseph Day, Mwingereza wa mji wa Bath, karibu na mwaka 1890, na mpaka leo ndiyo inayofanya kazi ndani ya pawaso.

Basi mchanganyiko mpya ni ufagio wa nyumba. Mkono wa petroli ukikazwa, ufagio ni mkubwa na moshi wote hutoka. Mkono ukiachiliwa, kinachoingia ni kidogo mno. Moshi mwingi hubaki ndani, na cheche ya plagi huukuta moshi badala ya petroli. Mwako hukosekana. Mzunguko wa pili huongeza mchanganyiko kidogo, labda na wa tatu, ndipo unapowaka. Sikio husikia mpigo, kisha kimya, kisha mpigo. Kwa sababu hiyo kugugumia kidogo katika mwendo wa chini ni tabia ya injini hii tangu kiwandani, na fundi anayeahidi kukuondoa kabisa hasemi kweli. Kinachotakiwa kutibiwa ni injini inayozimika, au inayosita na kukaribia kufa mkono unapokazwa ghafla.

Ugonjwa wa kwanza, na ulio mwingi kuliko yote katika nchi ya kahawa, ni usingizi. Pampu ya dawa hufanya kazi kwa bidii wakati wa kupigana na chulebuni, halafu hutundikwa ghalani miezi mingi na petroli ikiwa bado tumboni. Petroli iliyokaa hivyo hupoteza sehemu zake nyepesi, na kinachobaki hugeuka utomvu kama wa mti. Sasa ndani ya kabureta mna njia mbili: njia kubwa ya mwendo wa kasi, na njia nyembamba mno ya mwendo wa chini. Utomvu kidogo tu huziba ile nyembamba, na kubwa ikabaki wazi. Ndiyo maana mtu hushangaa kuona mashine inafanya kazi vizuri ikikimbizwa na kufa ikipunguzwa, akadhani pistoni imechakaa. Pistoni haina neno. Kabureta ifunguliwe, ioshwe kwa petroli safi, na vijitundu vipulizwe kwa hewa. Visichokolewe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuliwa hata kidogo halirudi tena. Na kabla ya kutundikwa, mashine imwagwe petroli yote na iachwe iungurume mpaka ijizime. Kazi hiyo haihitaji fundi wala shilingi.

Kuna jaribio jepesi la kupambanua njaa na shibe. Injini ikikohoa, choki ivutwe kidogo. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa: njia ya petroli imeziba, au hewa inaingia mahali pasipo pake. Ikizidi kuugua, imeshiba mno: chujio la hewa limejaa vumbi, au kabureta inamwaga petroli kupita kiasi. Plagi nayo ni shahidi. Ikitoka nyeusi na yenye maji ya mafuta, ni shibe. Ikitoka nyeupe na kavu, ni njaa. Rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo ndiyo ya afya.

Njaa ni hatari zaidi, hasa ile itokanayo na sili za ekseli ya ndani zilizokauka. Dalili yake ni injini kupanda mwendo yenyewe bila kuguswa na kukataa kushuka upesi mkono unapoachiliwa. Mashine ya namna hiyo isitumiwe hata siku moja zaidi.

Juu ya mafuta ya kuchanganya kuna imani nyingi, na nyingine ni za kusikitisha. Injini hii haina oili ya kukaa chini kama ya gari; oili yake yote huja ndani ya petroli. Mwenye kitabu cha mashine akute kimeandikwa moja kwa hamsini, basi kila lita moja ya petroli inahitaji mililita 20 za oili, na lita tano zinahitaji mililita 100, yaani theluthi ya chupa ya soda ya mililita 300. Mashine za zamani zilizoandikiwa moja kwa ishirini na tano huhitaji maradufu. Kuna mtu aonaye moshi na kikohozi, akapunguza oili ili moshi upungue. Moshi hupungua kweli, na baada ya siku chache pistoni hushikana na silinda. Mwingine huongeza oili kwa kuogopa, akachafua plagi na kujaza masizi katika tundu la moshi, na kikohozi alichokikimbia kikaongezeka. Tena petroli yenyewe iwe petroli. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli ulikuwa umeenea hata mwaka 2018 Serikali ikatoza mafuta ya taa kodi ya shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Injini ndogo huonja uchafu huo kabla ya gari kuuhisi.

Limebaki jambo la kimo, ambalo wenyeji wa Runyenjes wanalo kuliko watu wa nchi tambarare. Mji huo uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja kati ya saba. Petroli ya kabureta haipungui kwa kadiri hiyo. Mashine iliyopimwa pwani ikipandishwa huku huwa na shibe, na ikipelekwa juu zaidi, kwenye chai karibu na msitu wa Mlima Kenya, hushiba zaidi. Hapo skrubu yenye herufi L, ambayo hutawala mwendo wa chini, yaweza kukazwa kidogo, robo ya mzunguko au chini ya hapo, mpaka injini itulie na mnyororo usizunguke wenyewe. Skrubu ya H, ambayo hutawala mwendo wa kasi, isiguswe na mtu asiye na kipimo cha mizunguko, maana pawaso nyingi ndogo huzunguka mara 2,800 kwa dakika zikipumzika na zaidi ya 12,000 zikikazwa mpaka mwisho bila kukata, na sikio haliwezi kuhesabu kasi hiyo.

Wakata miti wengi hawakai mahali pamoja. Juma hili wako kwenye chai, juma lijalo wameteremka Ishiara, chini ya mita 1,000, ambako hewa ni nzito na jua ni kali. Mashine iliyokazwa skrubu huko juu ikashushwa bila kulegezwa huwa na njaa. Kikohozi chake hurudi kwanza katika mwendo wa chini, siku ya kwanza ya kazi, wakati pistoni ingali nzima. Mwenye pawaso akikisikia huko Ishiara, azime, ailegeze L kwa kadiri ile ile aliyoikaza, na kama H nayo iliguswa huko juu, airudishe mahali ilipokuwa kabla ya kukata hata tawi moja.