Staa Kavunjwa Shingo Raskazone, Sasa Moyo Umeingiaje?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Staa mmoja wa Bongo Movie, yule ambaye mwaka huu hajatoa kazi lakini hajakosa kiki hata wiki moja, kalala kwenye kitanda cha kuchulia, dirishani bahari ya Raskazone inang'aa. Jamaa aliyevaa koti jeupe anampapasa mgongo, anamgeuza, anakamata kichwa kwa mikono miwili, anakizungusha taratibu, halafu ghafla: kwa! Staa anapiga ukelele, anacheka, anakaa kitako. Anapimwa presha. Namba imeshuka kuliko ile ya mwanzo, kamera inaisogelea, na maandishi yanapita chini ya video kwamba mishipa ya moyo imefunguka bila kidonge hata kimoja.

Ingeishia kwenye mgongo, nani angegombana naye? Tanga ni mji wa kukandwa, hilo halina ubishi. Kuna bibi wa Ngamiani anayemkanda mzazi kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, kuna wazee wa kuumika kwa pembe, kuna mafundi wa Pangani wanaorudisha mabega ya wavuvi yaliyoteguka. Na singo la mwanamke wa Kitanga ndo usiseme, watu wamehama mikoa kwa ajili yake. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kuvaa koti jeupe na kujiita daktari wa moyo. Fundi wa zamani anakuuliza kwanza unaumwa wapi na tangu lini. Ukimwambia kifua kinabana na mkono wa kushoto unakufa ganzi, anafuta mafuta mikononi na kukwambia mwanangu, nenda Bombo. Mji huu huu, tangu miaka ya 1990, waganga wa Tanga na Pangani wamekaa meza moja na madaktari wa hospitali kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI kupitia Tanga AIDS Working Group. Kwa hiyo hadithi kwamba wasomi wanawaonea wivu waganga haiuziki hapa.

Huyu wa kwenye klipu yeye anasema kazi yake inaitwa osteopathi, na kwamba imetoka Marekani. Kutoka imetoka kweli. Aliyeianzisha ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa 1828, ambaye mwaka 1864 alizika watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo huku dawa za zama zake zikishindwa. Zama hizo daktari alikuwa anampa mgonjwa zebaki na kuiita tiba, kwa hiyo mtu kuchukia dawa lilikuwa jambo la akili kabisa. Mwaka 1874 Still akatangaza njia yake: damu ikipita vizuri kwenye mishipa mwili unajiponya, na mikono ya tabibu ndiyo ifungue njia. Shule yake ya Kirksville, Missouri, ilifunguliwa 1892, miaka minne kabla hata ya mashine ya presha ya kufunga mkononi kubuniwa.

Sasa kinachofichwa kwenye posti ni hiki. Wanaosomea osteopathi Marekani leo ni madaktari kamili. Wanaandika dawa, wanapasua, wanasimamia wodi. Daktari wa Donald Trump alipougua Korona Oktoba 2020, Sean Conley, ni wa osteopathi. Trump alipelekwa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, akawekewa dripu ya remdesivir, akapewa na dexamethasone. Hakuna aliyemvunja shingo. Mgonjwa wa presha akienda kwa daktari wa osteopathi Chicago anatoka na karatasi ya vidonge vilevile ambavyo bwana wa Raskazone anawaambia watu wavitupe. Uingereza ni tofauti kidogo, huko mtu wa osteopathi si daktari, lakini sheria ya 1993 inamtaka asajiliwe ndipo aguse mtu. Hapa nyumbani nako sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002, na lipo Baraza linalosajili. Kwenye ile klipu ukuta umejaa picha za mastaa. Cheti hakionekani.

Twende kwenye ile mashine, maana ndiyo inayowamaliza watu. Mteja anafika kapanda bodaboda juani, kapandisha ngazi, ana wasiwasi, pengine kabanwa na mkojo, anapimwa palepale akiwa anaongea. Lazima isome juu. Halafu analazwa nusu saa kwenye chumba chenye feni na kaswida ya taratibu, anapakwa mafuta, anapimwa tena akiwa katulia. Lazima ishuke! Mtu huyohuyo angelala kitandani kwake Makorora nusu saa bila kuguswa na mtu, namba ingeshuka pia, na asingelipa hata mia. Ndiyo maana muuguzi anayejua kazi anakukalisha kwanza dakika tano, miguu chini, kimya, na hakuiti mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja. Kukandwa kunatuliza, na utulivu unashusha presha kwa muda mfupi. Kesho asubuhi iko palepale.

Na hiyo kesho asubuhi haipigi hodi. Mwenye 140 kwa 90 na zaidi anaweza kuishi miaka bila kuumwa hata kichwa, huku moyo unavimba, figo zinachoka na mishipa ya ubongo inaliwa kidogo kidogo. Kidonge kama amlodipini kinafanya kazi kwa sababu kinamezwa kila siku. Ukiacha, presha inarudi, na wengi wanajua imerudi siku mdomo umeenda upande.

Halafu hiyo shingo yenyewe. Ndani ya mifupa ya shingo kuna matundu, na ndani ya matundu hayo inapita mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Ukiikunja shingo kwa ghafla, utando wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, bonge likaenda kichwani. Kiharusi. Ni nadra, ukweli usemwe, lakini nadra haimaanishi haijatokea. Februari 2016 Los Angeles ilimpoteza Katie May, mwanamitindo wa miaka 34 aliyeitwa malkia wa Snapchat. Alianguka kazini akaumia shingo, akaenda kunyooshwa, na ofisi ya uchunguzi wa vifo ikaandika kwamba mshipa ulichanika wakati wa kunyooshwa. Alikuwa na wafuasi lukuki, picha kali, maisha ambayo huyu wetu anayaigiza.

Na hili ni la kina mama zaidi. Mzazi akivimba mguu mmoja, ukawa wa moto na unauma kwenye kigimbi, huo mguu haukandwi. Unaweza kuwa na damu iliyoganda, na mkono wa kuchua unaweza kulisukuma bonge hadi kwenye mapafu. Vilevile kwa aliyeshuka basi baada ya safari ndefu. Bibi wa Ngamiani mwenye uzoefu mguu wa namna hiyo anautilia shaka. Kijana aliyejifunza kwa YouTube anauona ni fursa ya maudhui.

Watetezi wa staa wanasema mbona hospitali nako kuna karaha. Hapo wana hoja, tena nzito. Foleni tangu alfajiri, daktari dakika mbili bila kukutazama usoni, dirisha la dawa linakujibu kanunue nje. Moyo ukileta utata zaidi safari ni ya Dar, kilomita kama 350, hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na ndugu wachangishane nauli. Yule wa koti jeupe anakukaribisha kwa jina, anakusikiliza nusu saa, anakuita mama. Upole huo ni bidhaa halali na auuze. Ila pakeji yake ya vikao kumi inanunua vidonge vya kawaida vya presha vya muda mrefu, na kupunguza chumvi kwenye mchuzi wa ng'onda hakuhitaji pakeji.

Staa naye asijifiche nyuma ya kusema alikuwa anajaribu tu. Nchi hii ilishaona mwaka 2011, Samunge kule Loliondo, kikombe cha Babu kikiuzwa shilingi 500. Kilichojaza magari barabarani kwa kilomita na kilomita hakikuwa kikombe peke yake. Vigogo walikwenda wakanywa, wakapigwa picha, na mama wa kawaida akasema kama waziri kanywa mimi nani. Wengine waliacha dawa zao, wengine walifia foleni. Leo waziri hahitajiki, anatosha mdada mwenye kope za kubandika na simu nzuri. Yeye ana miaka ishirini na kitu, presha hana, kalala pale bure na pengine na bahasha juu. Wanaomtazama ndio wenye wazazi wagonjwa. Vijana wa Chumbageni na Mikanjuni ndio wanaoshika simu ndani ya nyumba, ndio wanaomwonyesha mama video, ndio wanaompakia kwenye bajaji kumpeleka.

Kamenti zilizo chini ya ile klipu zinaeleza zaidi ya klipu. Mia za mwanzo ni emoji za moto na watu wanaouliza gauni limenunuliwa wapi. Ukishuka chini sana kuna binti wa Muheza. Ameandika kwamba mama yake ana presha miaka sita, juzi kaona video hii akaacha vidonge, tangu jana analalamika kichwa, je amlete Jumamosi au Jumatatu? Staa kailaiki. Bwana wa koti jeupe kajibu kwa neno moja: inbox.