Kipimo cha vijiti vya kiberiti chahitajika Mbinga

MZEE wa Ruanda, wilayani Mbinga, anapoanza kuvuruga mpangilio wa kazi za shamba lake la kahawa, jamaa husema ni uzee tu. Kumbe huenda ni dalili za awali: bado anajitegemea, lakini uwezo wa ubongo wa kupanga, kuamua na kujizuia umeanza kulegea.

Ugumu upo katika kipimo. Vipimo vingi vya Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike na kuchora. Asiyesoma huonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Mwaka 2010, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walipimwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na ugonjwa wa kusahau ukakadiriwa kuwapata asilimia 6.4. Kutokana na kazi hiyo, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hupanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano, hutaja wanyama kwa dakika moja.

Kibiriti si ghali. Na Ruanda ni kata ya makaa ya mawe, ambako dole gumba la mzee kwenye karatasi ya ardhi lina thamani kubwa, awe anaelewa anachokubali au la.