Pete Ndogo Ishikayo Chombo Kikubwa

Wako wenzetu ambao, wakisikia zikitajwa mashua za starehe ziitwazo yoti, hucheka na kusema: "Hayo ni mambo ya matajiri, sisi yatuhusu nini?" Wiki hii twapenda kuwajibu. Mwenye fedha hununua chombo. Lakini siku usukani unapokataa kugeuka katikati ya bahari, tajiri na baharia aliyemwajiri wako katika hatari moja, na siku hiyo mkubwa wao ni yule ajuaye kutengeneza.

Katika yoti nyingi za leo nahodha hageuzi usukani kwa kamba wala mnyororo. Akizungusha gurudumu, pampu husukuma mafuta katika mabomba hadi kwenye silinda iliyo tezini. Mafuta husukuma pistoni, na pistoni hugeuza usukani. Katika yoti kubwa nguvu hiyo hiyo huvuta nanga, hukaza nyaya za mlingoti, na pengine huinua hata mkuku. Huo ndio mtambo wa haidroliki. Dereva wa gari dogo anaujua, maana breki zake hufuata kanuni hiyo: mafuta yaliyofungiwa hayakubali kubanwa, basi hupeleka nguvu upande wa pili.

Aliyeigeuza kanuni hii kuwa mashine alikuwa Mwingereza Joseph Bramah, mtu aliyejifunza useremala. Mwaka 1795 alipata haki ya kumiliki shinikizo lake lililoendeshwa kwa nguvu ya maji. Tatizo lilikuwa kuvuja. Yasemekana ni fundi aliyefanya kazi chini yake, Henry Maudslay, aliyelitatua kwa kutia kikombe cha ngozi ambacho kadiri nguvu ya maji ilivyozidi, ndivyo kilivyozidi kujibana. Leo pete hiyo ni ya mpira au plastiki, nasi twaiita sili. Ni kitu kidogo, lakini ikichoka, chombo kizima kimechoka.

Kwa hiyo yampasa fundi kujua dalili. Mafuta ya haidroliki hayaliwi kama petroli. Yakipungua, yamevuja mahali. Wazee wetu walisema, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi fundi na ashuke ngamani kwa kurunzi, afuate kila bomba na kila kiungo, asijaze tu mafuta akaenda zake. Mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia. Hapana budi kutafuta yalipopitia, kumwaga yote na kutia mapya ya aina ileile aliyoagiza mtengenezaji. Gurudumu likizunguka kwa ulegevu na usukani ukachelewa kuitika, yamkini upepo umeingia. Utolewe kwa subira, kama utolewavyo katika breki za gari: mmoja azungushe gurudumu polepole, mwenzake afungue kizibo cha silinda na kuangalia mapovu mpaka yaishe, huku tangi likiongezwa mafuta lisije likakauka.

Chumvi ni adui mwingine. Ikikauka juu ya fimbo ya pistoni hukwaruza sili kila fimbo inapoingia na kutoka. Tambara laini lenye maji baridi yasiyo ya chumvi hulinda kitu cha bei kubwa. Fimbo hiyo haishikwi kwa koleo hata mara moja. Nayo mipira ya mafuta ibadilishwe ikizeeka au ikianza kusuguliwa, isingojwe ipasuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twasisitiza jambo moja la roho za watu. Fundi asipapase kwa mkono kutafuta tundu linalovuja katika mtambo wenye nguvu. Mafuta yatokayo katika tundu la sindano hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana kama mchomo wa mwiba, kumbe mtu aweza kupoteza mkono. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tumia kipande cha kadibodi. Na kabla ya kulegeza nati yoyote, shusha mzigo na uondoe nguvu katika mtambo.

Pengine mtu atasema ujuzi huu ni wa mataifa makubwa. Na atazame Bermuda mwaka 2017, katika mashindano ya America's Cup. New Zealand, nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 5, ilikuja na chombo ambacho mabaharia wake walikanyaga pedali kama za baiskeli ili kusukuma mafuta ya haidroliki, hali wenzao walizungusha kwa mikono. Tarehe 6 Juni chombo hicho kilipinduka na kuharibika. Mafundi wakakishughulikia, na tarehe 8 Juni kikarudi majini. Tarehe 26 Juni wakachukua kombe, mabao 7 kwa 1, mbele ya Oracle Team USA ya Marekani. Pedali ni kitu tukijuacho sote. Waliwashinda wengine kwa kufikiri, na kwa kujua kutengeneza walichovunja.

Yoti hutia nanga Tanga, Unguja, Mtwapa na Kilifi. Gari la mizigo likiharibika breki, kijana wetu wa gereji huingia uvunguni bila kungoja mtu wa kumfundisha. Kwa nini kijana huyo huyo asimame gatini akitazama tu, hali kanuni ni ile ile ya mafuta, silinda na sili? Anachokosa ni mafunzo machache ya bahari na mtu wa kumfungulia mlango.

Twayaomba matawi yetu ya pwani yaanze. Yaorodheshe vijana wa gereji walio tayari, yaende kwa wakuu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana za mashua, yaombe nafasi za kujifunza kwa vitendo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na taifa lingojalo fundi wa kuazima litangoja hata sili ya shilingi chache. Ndugu, tushike spana.