RDC – Muziki: Umeneja wa msanii ni kazi ya kujifunza, undugu hautoshi

Mjini Goma, Bukavu au Lubumbashi, ni vigumu kumpata kijana aliyetoa wimbo wake wa kwanza akiwa hana meneja. Meneja huyo ni kaka yake, ni rafiki aliyesoma naye, au ni mfanyabiashara wa mtaani aliyelipa studio na klipu. Namba yake ya simu iko chini ya kila tangazo la tamasha. Lakini wakiulizwa ni asilimia ngapi anachukua, kwa kazi gani na kwa muda gani, jibu huwa lile lile: « tunaelewana ».

Wanaelewana hadi pesa inapoingia, au hadi inapochelewa sana kuingia. Siku hiyo ndipo inagunduliwa kwamba chaneli ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe ya meneja, kwamba nyimbo zilipelekwa kwenye majukwaa ya intaneti kwa jina la meneja, na kwamba neno la siri analijua yeye peke yake. Msanii anaondoka na sauti yake tu. Anafungua chaneli mpya yenye wafuasi sifuri, na akijaribu kurudisha humo nyimbo alizoziimba mwenyewe, mfumo unaweza kuzizuia kama mali ya mtu mwingine. Miaka mitatu ya kazi inabaki kwenye simu ya mtu ambaye hawasalimiani tena.

Wengi huita jambo hilo wizi. Mara nyingine ni wizi kweli. Lakini mara nyingi zaidi ni ujinga wa watu wawili waliopendana, na hilo halitibiwi kwa kutafuta meneja mwenye moyo mzuri. Brian Epstein, muuza santuri wa Liverpool aliyewachukua Beatles mwishoni mwa 1961, alikuwa na moyo huo. Ndiye aliyewatafutia mkataba wa kurekodi baada ya kampuni ya Decca kuwakataa. Ila ilipofika biashara ya kuuza vitu vyenye picha na jina la kundi hilo, jambo asilolijua, upande wake ulikubali kubaki na asilimia 10 na kuwaachia wengine asilimia 90. Hakuna aliyewahi kusema kwamba aliwachukia vijana wake. Hakujua bei ya kile alichokuwa anakitoa.

Kuna kosa moja ambalo huzaa mengine yote huku kwetu: kuchanganya meneja na mtoa pesa. Hizi ni kazi mbili. Anayelipa studio, klipu na nguo za wachezaji amewekeza, na ana haki ya kurudishiwa pesa yake na faida waliyokubaliana. Meneja anauza kazi yake: anatafuta tamasha, anajadili bei, anasoma mkataba, anapanga safari, anamwambia msanii kwamba wimbo haujakomaa. Analipwa sehemu ya kile msanii anachoingiza, na desturi ya kazi hii duniani ni kati ya asilimia 15 na 20. Mtu mmoja akifanya yote mawili bila kuyatenganisha kwenye karatasi, hatajulikana tena kama anachukua deni lake, faida yake au mshahara wake. Atachukua tu, na msanii atanyamaza kwa sababu « yaya ndiye aliyenitoa ».

Hata hiyo asilimia 20 inahitaji somo. Asilimia 20 ya nini? Tuseme msanii analipwa dola 1000 kwa tamasha moja, na usafiri, hoteli na wachezaji vimekula dola 600. Meneja akihesabu kwenye jumla, anachukua 200 na msanii anabaki na 200. Akihesabu kwenye kile kilichobaki baada ya gharama, anachukua 80 na msanii anapata 320. Mahesabu yote mawili yanatumika, na hakuna lililo haramu. Kinachouma ni msanii kufahamu tofauti hiyo nyuma ya jukwaa, usiku, akiwa amechoka na wachezaji wanamngoja awalipe.

Tena kuna mabanga. Mkongomani hahitaji kuelezwa: mtu mwenye uwezo anatoa bahasha, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Wanaoidharau desturi hii wanasahau kwamba imelipia albamu nyingi za Kinshasa. Tatizo lake ni kwamba pesa hiyo haina risiti. Nani aliipokea? Ni ya wimbo au ni ya msanii? Iingie kwenye hesabu ya meneja au hapana? Meneja aliyejifunza anaiandika kama mapato mengine, na kama inawezekana anaomba ipitie M-Pesa au Airtel Money ili iache alama. Watamcheka mwanzoni, eti anahesabu hata zawadi.

Wapo Wakongomani walioelewa mapema kwamba muziki una upande wa ofisi. Verckys Kiamuangana alikuwa mpiga saksofoni wa OK Jazz ya Franco. Alipotoka humo mwaka 1969 aliunda orkestra yake Vévé, lakini pia alianzisha nyumba ya kutoa santuri yenye jina hilo, na baadaye akawa na studio yake. Bendi nyingi za vijana wa miaka ya 1970 zilipitia kwake. Alitambua kwamba anayemiliki rekodi yenyewe ndiye anayekula kwa muda mrefu kuliko anayeimba jukwaani. Swali la nani mwenye rekodi bado ni lile lile leo, ila mkanda umekuwa faili.

Kwa hiyo meneja mwanafunzi angeanzia kwenye karatasi kabla ya kuanzia kwenye majina ya watangazaji wa redio. Siku ile ile wimbo unaporekodiwa, kabla ya watu kutawanyika, iandikwe nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alitengeneza mdundo, kila mmoja ana asilimia ngapi, na wote watie sahihi. Wimbo ukishapendwa karatasi hiyo haiandikiki tena, kwa sababu kila mtu anakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Kisha wimbo usajiliwe SOCODA, shirika lililochukua mwaka 2011 nafasi ya SONECA ya zamani katika kukusanya haki za watunzi. Wasanii wengi wanalalamika kwamba pesa ya huko haiwafikii, na malalamiko yao si ya bure. Lakini sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za mwandishi ipo, na asiyekuwa na kitu kinachothibitisha utunzi wake hata kesi hana.

Karatasi hiyo hiyo inapaswa kusema namna ya kuachana. Huku kuandika habari ya kuachana kunaonekana kama kuomba balaa. Mwaka 2019, mwaka ule ule ambao Innoss'B, mtoto wa Goma, alirudia « Yo Pé » pamoja na Diamond Platnumz, Harmonize alitoka kwenye lebo ya Diamond, Wasafi. Alisema hadharani kwamba kuvunja mkataba kulimgharimu shilingi za Tanzania milioni 500. Wengi walishangaa ukali wa bei hiyo, na inawezekana kweli ilikuwa kali. Hata hivyo bei ilikuwepo, mlango ulijulikana uko wapi, akalipa akatoka, akaendelea kuimba kwa jina lake. Kijana wa Bukavu mwenye « tunaelewana » hana mlango. Hajui kama meneja wa zamani anaendelea kudai sehemu ya wimbo wa mwaka juzi, na meneja naye, aliyetembea na msanii huyo tangu akiwa hajulikani, hana kinga siku mtu mwenye gari zuri anapokuja kumchukua. Mkataba wa miaka miwili au mitatu, wenye kusema meneja ataendelea kupata nini na kwa muda gani baada ya kuondoka, unawalinda wote wawili.

Haya yote yatajifunzwa wapi? Kinshasa kuna Institut National des Arts. Goma ina Foyer Culturel yake, ambako vijana wamejifunza gitaa na kuimba. Masomo ya usimamizi wa wasanii yapo kwenye intaneti, mengi kwa Kiingereza au Kifaransa, na mengi yamejengwa juu ya sheria za Marekani au Ufaransa. Kwa Kiswahili, lugha ambayo sehemu kubwa ya vijana hawa wanaimbia, karibu hakuna. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo iko kwenye orodha ya UNESCO, na viongozi wamelitaja jambo hilo katika hotuba nyingi. Saa nne kila jumamosi, mwalimu mmoja wa hesabu, mwanasheria mmoja na mikataba mitatu ya kweli iliyofutwa majina, vingegharimu kidogo kuliko klipu moja. Ukumbi ungeweza kuwa wowote ule, hata darasa la shule ya msingi baada ya watoto kutoka. Na mwanafunzi wa kwanza wa kualikwa angekuwa yule yaya mwenye neno la siri la chaneli, kwa sababu msanii tayari anamwamini, na kazi ameshaianza.