Kudai Nyumba Yenye Afya Si Kuvunja Amani



Katika kipindi cha mvua kilichopita tulikwenda kusali katika nyumba ya familia moja ya jumuiya yetu, kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu. Nyumba ile imechimbiwa ndani ya kilima, hata ukuta wake wa nyuma ndio unaozuia udongo. Kando ya kitanda cha watoto tuliona weusi uliopanda kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu. Mtoto wa mwisho alikohoa tangu mwanzo wa sala hadi mwisho. Ndipo mama yake alipotuuliza: je, ni dhambi kumshitaki mwenye nyumba?

Tulimjibu avumilie, kwa kuwa mwenye nyumba naye ni mkristu wa parokia yetu. Majuma matatu baadaye mtoto alilazwa hospitalini kwa shida ya kupumua. Amepona, ashukuriwe Mungu. Lakini jibu letu halijaacha kutusumbua. Leo tunataka kulisahihisha mbele yenu.

Weusi ule si uchafu wa kawaida. Ni kuvu, nayo huota mahali pasipokauka: chini ya bati linalovuja, kwenye ukuta unaonyonya maji ya ardhi, katika chumba kisicho na dirisha. Hutawanya chembe zisizoonekana kwa macho, tukazivuta pamoja na pumzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu majumbani, likaonya kwamba wakaaji wa nyumba za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata magonjwa ya njia ya hewa na ya kuzidiwa na pumu. Kupaka rangi juu yake ni kuificha tu. Maji yasipozuiliwa, itarudi.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinaeleza la kufanya ukuta wa nyumba unapoingiwa na madoa ya namna hiyo. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda kutoa habari. Nyumba inakaguliwa na kufungwa siku 7. Madoa yakienea, mawe yaliyoharibika yanang’olewa na kutupwa nje ya mji, na kuta zinakwanguliwa. Yakirudi tena, nyumba inabomolewa. Wakaaji hawakuambiwa wavumilie. Ukuta ndio uliohukumiwa.

Wengine watasema kwamba kumpeleka ndugu mbele ya sheria ni kuvunja amani. Sisi tunaona kwamba amani ile ilikwisha kuvunjika siku mtoto alipokosa pumzi. Tena, sheria ya nchi yetu yenyewe huanza na upatanisho. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya kila mtu ya kuwa na makao yanayofaa. Sheria yetu ya mikataba, ambayo asili yake ni ya mwaka 1888, inamdai mwenye nyumba aikabidhi na kuitunza katika hali ya kufaa kukaliwa. Nayo sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji inataka ugomvi upelekwe kwanza kwenye idara ya serikali inayohusika na makazi, ili pande mbili zipatanishwe. Wasipopatana, ndipo Mahakama ya Amani huamua. Sheria hiyohiyo inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kuzidi kodi ya miezi 3.

Basi njia ipo, nayo yataka utaratibu. Piga picha za ukuta, uandike tarehe. Mpeleke mgonjwa kwenye kituo cha afya na utunze karatasi ya daktari, kwani si kila kikohozi kinatoka ukutani. Tunza mkataba na hati za malipo. Mwandikie mwenye nyumba barua ya heshima inayotaja tatizo na matengenezo yanayohitajika, nawe ubaki na nakala aliyoitia sahihi. Usiache kulipa kodi kwa hasira, maana utampa sababu ya kukufukuza na kujidhoofisha mbele ya hakimu. Asiye na fedha za wakili aulize kwa chama cha mawakili, ambacho kina ofisi ya kutoa mashauri bure, au abishe hodi kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo.

Haki hii isigeuzwe kuwa kisasi. Wako wenye nyumba ambao ni wajane, na kodi ile ndiyo chakula chao. Hao tukae nao tupange matengenezo kidogo kidogo, na kwanza maji yazuiliwe, kwani asiyeziba ufa atajenga ukuta. Mpangaji naye afungue madirisha, asianike nguo chumbani, atoe habari mapema bati linapoanza kuvuja.

Vijana, hapa ndipo tunapowahitaji. Mama yule hakukosa haki. Alikosa mtu wa kumwandikia barua. Barua hizo huandikwa kwa Kifaransa, nasi tumewasomesha Kifaransa. Wengi wenu mna simu zenye kamera, na wengine mnasoma sheria chuoni. Kabla ya mvua za Septemba, kila kikundi kitembelee nyumba za wapangaji wa jumuiya yake, kitazame nyuma ya vitanda, na kiandike barua zinazopaswa kuandikwa. Sisi wazee tutaandamana nanyi hadi mlangoni pa mwenye nyumba. Na kwa mama yule tutatangulia sisi, kwa sababu tuna deni naye.