Usahaulifu wa wazee: tusiulaumu ukoo kabla ya kupima presha

Vijana wanaowalea wazazi wao hutuuliza: babu alisahau, sasa baba anasahau, je, nasi tumeandikiwa?

Ni kweli ipo jeni iitwayo APOE, ambayo aina yake ya nne huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer. Hata hivyo wapo walio nayo waliozeeka wakiwa na akili timamu, na watafiti walikuta nguvu yake ni hafifu zaidi kwa wazee wa Ibadan, Nigeria, kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ukoo peke yake haukati shauri.

Hapa nchini, uchunguzi wa wilayani Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Na jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kuwa yanahusika na karibu asilimia 45 ya maradhi haya duniani.

Tuyatazame nyumbani kwetu. Mama aliyezoea kupanda na kushuka njia za Kinole akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, tunamhamishia Kihonda kwa nia njema. Tunamweka kitini, tunamtilia vijiko vitatu vya sukari katika chai, tunamkataza hata kuchambua mchicha, na tunaita hayo heshima! Presha haipimwi kwa kuwa haimuumi, ilhali shinikizo la damu lisilotibiwa tangu umri wa kati huharibu mishipa midogo ya ubongo kimya kimya.

Masikio nayo yamo. Mzee asiyeisikia khutba huanza kukaa pembeni, kisha haji tena. Uziwi na upweke vyote vimo katika orodha ile, pamoja na macho yasiyotibiwa.

Linalotukera zaidi ni bibi kuitwa mchawi kwa kuwa hutangatanga usiku. Surat An-Nahl imeutaja umri ambao mtu hufika asijue alichokuwa akikijua; basi anayesahau idadi ya rakaa asikemewe.

Afikishwe hospitali mapema, kwani ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na madhara ya dawa huweza kufanana na demensia, nayo hutibika. Wakati huo huo namba ya simu ya mwanawe itiwe mfukoni mwa kanzu yake, na vijana wa bodaboda wa mtaani waijue sura yake.